Pampu iliyobuniwa Kwale ikamkabidhi mchota maji spana

Majoreni ni kijiji cha pwani ya kusini mwa Kenya, katika Kaunti ya Kwale, kati ya Shimoni na Vanga, si mbali na mpaka wa Tanzania. Upande mmoja kuna mikoko na maji ya bahari yanayojaa na kupwa. Upande wa pili kuna minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo. Kama ilivyo katika vijiji vingine vya ukanda huo, bahari ipo mlangoni lakini maji ya kunywa hayana budi kutafutwa chini ya ardhi.

Tangu jadi kazi ya kuyatafuta imekuwa ya wanawake na wasichana. Kabla ya pampu kuenea, wengi walitegemea visima vya wazi, wakiteka kwa ndoo na kamba. Kamba ililala kwenye vumbi, ndoo ikarudishwa kisimani na uchafu wake, na mvua iliposhuka ikasomba taka na kuziingiza humo humo. Karibu na ufuo kulikuwa na tatizo jingine: kisima kikichotwa kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda na kuchukua nafasi ya maji baridi.

Ni katika pwani hii ambapo, katika miaka ya 1980, ulifanywa utafiti uliochangia kuipa dunia pampu ya mkono iitwayo Afridev. Leo pampu hiyo inajulikana kwa mafundi wa Malawi, Msumbiji, Ethiopia, Tanzania na hata Pakistan. Hata hivyo, si wengi miongoni mwa wanaoitumia wanaofahamu kwamba sehemu kubwa ya majaribio yake ilifanyiwa Kwale, wala kwamba swali lililowaongoza watafiti lilikuwa la kawaida kabisa: pampu hii ikiharibika, je, mama anayeitumia anaweza kuitengeneza mwenyewe?

Swali hilo ndilo msingi wa taaluma ambayo siku hizi huitwa usanifu jumuishi, yaani ubunifu wa vifaa, majengo na huduma kwa namna ambayo watu wa kila hali wataweza kuvitumia. Msanifu majengo wa Marekani Ronald Mace, aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu, ni miongoni mwa walioipa taaluma hiyo sura yake. Mwaka 1997 yeye na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina State walitoa kanuni saba za usanifu unaomfaa kila mtu, zikiwemo urahisi wa matumizi, kutohitaji nguvu nyingi, na nafasi ya kutosha kwa mtumiaji kukifikia kifaa.

Wahenga walikwisha kulisema jambo hilo kwa njia yao: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi asiyewahi kubeba mtungi hawezi kujua peke yake ni wapi pampu inamtesa mbebaji.

Muongo wa maji

Umoja wa Mataifa uliitenga miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa kimataifa wa maji ya kunywa na usafi wa mazingira. Shabaha ilikuwa kuwafikishia watu wote maji salama, na kwa vijiji vingi vya Afrika na Asia njia iliyoonekana kuwa nafuu ilikuwa kisima kilichofunikwa na kuwekwa pampu ya mkono.

Tatizo ni kwamba pampu zilizokuwepo hazikudumu. Nyingi zilitengenezwa kwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa kukazwa. Ili kubadilisha kipande kidogo cha mpira kilichochakaa chini kisimani, mabomba yote yalilazimika kung'olewa moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilihitaji kundi la wanaume wenye nguvu na vifaa vya kunyanyulia. Kwa kawaida kundi hilo lilikuwa la idara ya maji, makao yake yakiwa mjini, na kufika kwake kulitegemea kuwepo kwa gari na mafuta.

Kwa hivyo mpira wa bei ndogo ungeweza kukifunga kisima kwa majuma au miezi. Katika kipindi hicho wanawake walirejea kwenye visima vya wazi, na maradhi ya kuhara yakarejea nao nyumbani.

Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, zilianzisha mradi wa kuzichunguza pampu za mkono. Pampu za aina nyingi zilipimwa katika maabara nchini Uingereza, na nyingine zikajaribiwa vijijini katika nchi kadhaa. Matokeo yalikusanywa katika ripoti ya mwaka 1987 iliyoandikwa na Saul Arlosoroff pamoja na wenzake.

Hoja kuu ya ripoti hiyo ilikuwa kwamba pampu haifai kuhukumiwa kwa uimara wa chuma chake pekee. Pampu inayoharibika mara chache lakini ikakaa miezi bila kutengenezwa humwachia mwanakijiji siku nyingi zaidi za ukame kuliko ile inayoharibika mara kwa mara lakini ikatengenezwa siku hiyo hiyo. Hapo ndipo lilipokolea wazo la pampu inayoendeshwa na kutunzwa kijijini, na wanakijiji wenyewe.

Kwale yawa uwanja wa majaribio

Mwaka 1983 mradi wa kujaribu pampu ulianzishwa katika pwani ya kusini, eneo la Diani na Msambweni likiwa la kwanza. Walioshirikiana ni wizara ya serikali ya Kenya iliyosimamia maji, mradi wa pampu wa Benki ya Dunia na UNDP, na Shirika la Maendeleo la Sweden, SIDA, lililotoa fedha.

Mwanzoni kazi hiyo ilitazamwa kama ya kiufundi. Visima vingechimbwa, pampu zingefungwa na wahandisi wangepima jinsi zinavyochakaa. Lakini mapema ilidhihirika kwamba watu ambao hawakushauriwa hawakuwa na sababu ya kuiona pampu kuwa yao. Shirika la Kenya linaloshughulikia maji na afya, KWAHO, lilihusishwa ili kuwashirikisha wanakijiji.

Hatua hiyo iliugeuza mwelekeo wa mradi. Wahamasishaji walikwenda nyumba kwa nyumba na kuzungumza na wanawake, ambao katika mabaraza ya hadhara hawakuwa na mazoea ya kunyanyua sauti mbele ya wazee. Kamati za maji ziliundwa na wanawake wakapewa nafasi ndani yake, mara nyingi wakishika uweka hazina. Kamati zilitakiwa kukusanya michango na kufungua akaunti za benki kwa ajili ya vipuri.

Isitoshe, wanawake walifundishwa kuifungua na kuitengeneza pampu. Kwa jamii ambayo ufundi wa chuma ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini sababu yake ilikuwa ya kimantiki: mwanamke ndiye aliyekuwa kisimani kila asubuhi na kila jioni. Ndiye wa kwanza kusikia mlio usio wa kawaida, wa kwanza kuhisi mpini umekuwa mzito, na wa kwanza kuumia pampu iliponyamaza.

Kuanzia mwaka 1985 mradi ulipanuliwa kutoka eneo la majaribio na kuingia sehemu nyingine za iliyokuwa Wilaya ya Kwale, na ukaendelea hadi miaka ya 1990.

Kilichobadilishwa ndani ya pampu

Wahandisi walipokubali kwamba mtengenezaji atakuwa mchota maji mwenyewe, ilibidi kila sehemu ya pampu ifikiriwe upya. Kichwa chake kilitokana na pampu iliyobuniwa Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyoitwa Maldev. Sehemu za chini zikaendelezwa na kujaribiwa Kenya.

Badiliko la kwanza lilikuwa la bomba. Badala ya chuma kizito, bomba la kupandishia maji lilifanywa la plastiki ngumu lenye kipenyo cha milimita 63, ambalo haliliwi na chumvi. Silinda iliyo chini, yenye kipenyo cha milimita 50, ikaachwa wazi upande wa juu. Kwa kuwa silinda ni nyembamba kuliko bomba, pistoni inaweza kuvutwa hadi juu kupitia ndani ya bomba lenyewe. Mabomba hubaki kisimani; hakuna tena haja ya kuyang'oa.

Badiliko la pili lilihusu fimbo zinazounganisha mpini na pistoni. Zilizokuwepo ziliunganishwa kwa kukazwa na zilihitaji spana mbili na mikono yenye nguvu. Za Afridev hushikana kwa ndoano na kitundu, hivyo hufunguliwa kwa mkono mmoja baada ya mwingine kadiri zinavyotoka kisimani. Valvu ya chini nayo huvuliwa kwa chombo maalumu kinachofungwa kwenye ncha ya fimbo hizo, kama mvuvi anavyovua kwa ndoana.

La tatu ni beringi, yaani vipande vinavyouwezesha mpini kuzunguka bila kusagika. Katika pampu nyingi za awali zilikuwa za chuma na kubadilisha kwake kulihitaji karakana. Katika Afridev zikawa za plastiki, zikiingizwa na kutolewa kwa mkono. Hazidumu kama za chuma, na watafiti walilijua hilo. Lakini ni za bei nafuu, na hubadilishwa kwa dakika chache.

La nne, valvu ya kwenye pistoni na ile ya chini zilifanywa ziwe na kipuri cha aina moja, ili duka la kijijini lisilazimike kuweka akiba ya vipuri vya namna nyingi. La mwisho, pampu nzima hufunguliwa kwa spana moja tu. Mpini wake una ncha yenye umbo la herufi T, hivyo watu wawili, kwa mfano mama na mwanawe, wanaweza kuushika pamoja.

Michoro na vipimo vya pampu hiyo havikufungiwa na kampuni yoyote. Vilichapishwa na kutunzwa na asasi ya SKAT ya Uswisi kwa ajili ya matumizi ya umma, na viwanda vya nchi mbalimbali vikaweza kuiunda bila kulipa ada ya hataza.

Hesabu ya mtungi

Kwa mujibu wa vipimo vilivyochapishwa, Afridev hufaa kwa kina cha hadi mita 45 na imekusudiwa kuhudumia watu wapatao 300. Mtumiaji anayetoa nguvu ya wati 75, ambayo ni jitihada ya wastani ya mtu mzima mwenye afya, hupata takriban lita 1,400 kwa saa maji yakiwa mita 10 chini, lita 1,100 yakiwa mita 15, na lita 700 yakiwa mita 30.

Takwimu hizo zikipimwa kwa mtungi wa lita 20 unaobebwa kila siku, picha huwa wazi zaidi. Katika kina cha mita 10 mtungi hujaa kwa muda usiofika dakika moja. Katika kina cha mita 30 mtungi huo huo huhitaji karibu dakika mbili za kusukuma bila kupumzika. Watu 300 wakichota lita 20 kila mmoja kutoka kina cha mita 15, pampu itatakiwa kufanya kazi kwa takriban saa tano na nusu kwa siku.

Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye nguvu. Mtoto wa miaka minane, mjamzito, ajuza au mtu mwenye mkono mmoja hatoi wati 75. Kwake yeye foleni ni ile ile lakini kazi ni maradufu, na pampu iliyopimwa kwa wastani haimjui. Jambo hili litarejewa hapa chini.

Pampu yabaki, vipuri vyaadimika

Kurahisisha matengenezo hakukumaliza matatizo yote. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikadiria kuwa zaidi ya thuluthi moja ya pampu za mkono kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha nafuu, lakini bado pampu moja kati ya nne ilikuwa imekufa. Barani humo karibu watu milioni 200 hutegemea pampu za aina hii.

Katika Kwale, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walizikagua zaidi ya pampu 500 mwaka 2013, nyingi zikiwa zimefungwa wakati wa mradi wa SIDA. Baadhi zilikuwa zikitoa maji baada ya robo karne. Nyingine zilikuwa zimebaki vigutu vya saruji.

Tim Foster na Rob Hope walipitia pia madaftari ya michango ya kamati za maji, baadhi yake yakirudi nyuma hadi miaka ya 1980, na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waligundua kwamba kulipa au kutolipa hakukutegemea nidhamu ya kamati peke yake. Maji yakiwa na chumvi au ladha ya chuma, watu huona taabu kuyalipia. Pampu ikiwa mbali, michango hupungua. Mvua za masika zikinyesha na mapipa yakajaa chini ya paa, wengi huacha kuchangia, ilhali vipuri huendelea kuchakaa.

Somo hilo ni la usanifu vilevile. Mpango wa malipo unaodhani kwamba kila kaya ina fedha taslimu kila mwezi, katika eneo ambalo mapato hufuata msimu wa korosho, nazi au samaki, haujamfikiria mlipaji. Spana inaweza kuwa mkononi mwa mwanamke, lakini kama hakuna kipuri dukani wala shilingi katika sanduku la kamati, spana hiyo haina la kufungua.

Pampu inayotuma ujumbe

Awamu ya pili ya utafiti ilianza kwa kulitambua pengo hilo. Patrick Thomson, Rob Hope na Tim Foster wa Oxford walibuni kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya mpini wa pampu. Kifaa hicho hupima mwendo wa mpini, kwa teknolojia inayofanana na ile inayoifanya simu ya mkononi itambue imegeuzwa upande gani, kisha hutuma taarifa kwa ujumbe mfupi kupitia mtandao wa simu. Maelezo ya kwanza ya kifaa hicho yalichapishwa mwaka 2012.

Mpini ukikaa bila kusogea saa ambazo kwa kawaida huwa na foleni, fundi hujua kuna hitilafu hata kabla ya kupigiwa simu. Majaribio yalifanywa Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, kwa kuhusisha makumi ya pampu. Muda wa wastani wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku tatu.

Mfumo huo ukaletwa Kwale, ambako mamia ya Afridev yalikuwa tayari yamesimama. Kutokana nao ilianzishwa huduma ya matengenezo iitwayo FundiFix, inayotumia mafundi wa maeneo hayo. Jamii hulipa ada ndogo ya kila mara, nayo huduma huahidi kuitengeneza pampu kwa siku chache. Lengo ni kuigeuza gharama kubwa inayoshtukiza kuwa gharama ndogo inayotarajiwa.

Kadhalika, watafiti waligundua kwamba mtikisiko wa mpini hubadilika kidogo kulingana na kina cha maji, na katika makala ya mwaka 2017 walionyesha kuwa kompyuta inaweza kufundishwa kuutumia mtikisiko huo kukadiria hali ya maji chini ya ardhi. Kwa pwani ambako visima vya vijiji, mashamba makubwa na hoteli huchota kutoka hifadhi zilizo karibu, taarifa za aina hiyo zina thamani yake. Mwanamke anayeteka maji huwa, bila ya kuongezewa kazi, mpimaji wa hazina ya maji ya eneo lake.

Wanaobaki nyuma ya foleni

Hata hivyo, pampu inayofanya kazi haimaanishi kwamba kila mtu anayafikia maji yake. Pampu nyingi huzungukwa na sakafu ya saruji yenye ukingo ulioinuka na mtaro wa maji machafu, na baadhi huzungushiwa ua wa kuzuia mifugo. Kwa mtu anayetembea vizuri, hivyo si vizuizi. Kwa anayetumia magongo, ukingo wenye utelezi ni hatari. Kwa aliye katika kiti cha magurudumu, ni mwisho wa safari.

Pwani ya Kenya ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Kwale ni miongoni mwa kaunti ambako ugonjwa wa matende umekuwepo kwa muda mrefu, na Msambweni ni moja ya maeneo ambako ugonjwa huo umechunguzwa sana. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 serikali imekuwa ikigawa dawa za kuuzuia usienee, lakini dawa hizo haziurejeshi katika hali yake mguu uliokwisha kuvimba kwa miaka mingi.

Tiba kuu ya mguu wa namna hiyo ni kuuosha kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha vyema na kuulinda dhidi ya vidonda. Hivyo basi, mtu ambaye kutembea kunamuumiza kuliko wenzake ndiye anayehitaji maji zaidi kuliko wenzake. Akiyakosa, vijidudu huingia kupitia nyufa za ngozi, homa humshika na uvimbe huongezeka. Umbali wa kisima unakuwa sehemu ya ugonjwa.

Idadi ya wanaohusika nayo hutegemea namna ya kuhesabu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019, ambayo iliipa Kwale wakazi 866,820, ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi walikuwa na ulemavu. Shirika la Afya Duniani, WHO, hukadiria kuwa duniani kote kiwango hicho hufikia asilimia 16 zikihesabiwa hali zote zinazomzuia mtu kushiriki kikamilifu katika maisha. Wakiongezwa wazee, wajawazito, wagonjwa na watoto wanaotumwa maji, wasiofanana na yule mtu wa wati 75 huwa ni sehemu kubwa ya kijiji.

Utafiti wa marekebisho yanayofaa upo. Mwaka 2005 Hazel Jones na Bob Reed wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walitoa kitabu kuhusu maji na usafi kwa watu wenye ulemavu, wakitumia mifano iliyokusanywa vijijini, ikiwemo ya Uganda. Mapendekezo ya aina hiyo hayadai teknolojia ngeni wala fedha nyingi.

Miongoni mwake ni njia ya mteremko badala ya kidato, isiyozidi mwinuko wa kipimo kimoja kwa kila vipimo kumi na viwili vya urefu. Mlango wa ua uwe na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Pawepo reli ya kushikilia, na sakafu iachwe na mikwaruzo ili isiteleze. Kiti cha saruji kijengwe karibu na mpini ili asiyeweza kusimama asukume akiwa ameketi. Ukuta mfupi ujengwe kando ili mtungi uinuliwe kwa awamu mbili, kutoka chini hadi ukutani na kutoka ukutani hadi kichwani. Ukingo upakwe rangi nyeupe kwa ajili ya mwenye uoni hafifu.

Nyingi ya sehemu hizi huhitaji saruji, kokoto na muda wa fundi aliyekwisha kufika kujenga sakafu. Zikipangwa mwanzoni, huongeza gharama kidogo. Zikisahauliwa, sakafu hubomolewa na kujengwa mara ya pili, au, kama inavyotokea mara nyingi, huachwa ilivyo.

Aidha, faida zake haziishii kwa waliolengwa. Ukuta wa kupumzishia mtungi humfaa mjamzito sawa na mwenye maumivu ya mgongo. Mteremko humfaa mwenye kiti cha magurudumu, na humfaa pia kijana anayesukuma mkokoteni wa mitungi au anayekokota baiskeli iliyosheheni.

Haki na wajibu

Mnamo Julai 28, 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kuwa maji salama na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Mwezi uliofuata Kenya ilipata Katiba mpya. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia ipasavyo sehemu zote. Kenya ilikuwa pia imeuridhia mwaka 2008 mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu.

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, huduma za maji ni jukumu lao. Hii ina maana kwamba upana wa mlango wa kisima kijijini, ambao zamani uliamuliwa na mfadhili au mkandarasi, sasa ni jambo ambalo mwananchi anaweza kulidai kwa wawakilishi aliowachagua.

Historia ya pampu ya Kwale inaonyesha madai yenye nguvu hutokana na nini. Watafiti wa mwaka 1983 walikuja na chombo cha kupimwa. Walifanikiwa pale walipoanza kumsikiliza aliyekishika mpini. Mwanamke aliyesema hawezi kuyang'oa mabomba hakuambiwa aongeze nguvu. Bomba ndilo lililobadilishwa.

Kanuni hiyo hiyo inaweza kutumiwa na kamati yoyote ya maji, iwe Majoreni, Vanga, Kikoneni au Lunga Lunga, kabla ya kuidhinisha kisima kipya. Je, mpini umejaribiwa na mzee na mtoto? Je, mwenye magongo amealikwa kupita mlangoni saruji ikiwa bado mbichi? Je, kipuri kinapatikana umbali gani, na nani anayejua kukifunga? Je, mchango umepangwa kufuata msimu wa mapato?

Na la mwisho: ni nani kijijini ambaye huchotewa maji na wengine kila siku, na siku wasipokuwepo hubaki na kiu? Mtu huyo ndiye anayefaa kuulizwa wa kwanza mahali pa kuiweka pampu.